Delhi Niliyoitazama kwa Niaba ya Baba Yako

Lodwar, jioni ya kuamkia safari yako

Kwako Akiru, binti yangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya na umeniachia nyumba kimya. Sanduku lako liko karibu na mlango, limefungwa. Habari ya sweta, ya chanjo, ya mahali pa kuficha pasipoti, tulishazimaliza na sitazirudia. Nimechukua karatasi kwa sababu ya neno ulilosema juzi tukila.

Ulikuwa umeshika simu yako, unasoma mambo ya mji wa Delhi: majumba ya makumbusho, ngome na makaburi ya wafalme ambayo wageni huenda kutazama. Mjomba wako akakuuliza, "Sasa wewe utaanzia wapi?" Ukamjibu bila kuinua macho, "Muulize Mama. Yeye ndiye alitembea sana huko."

Mjomba alicheka, akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka, na wewe pia hukucheka. Niliinuka nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Ni kweli, Akiru. Nilitembea sana. Baba yako akiwa amelala hospitalini na mirija kifuani, mimi nilikuwa nikipanda tuktuk kwenda kutazama majumba. Umelijua hilo tangu ukiwa darasa la sita, na hujawahi kuniuliza kwa nini. Nami sikukuambia. Sasa unakwenda kuishi katika mji ule ule, utapita mbele ya milango ile ile niliyopita mimi. Sitaki upite ukiwa na nusu ya habari.

Unamkumbuka baba yako akiwa chini ya malori, miguu yake tu ikionekana. Gereji yake pale Kakuma ilikuwa kando ya barabara, na malori yote ya kwenda Lokichoggio na Sudan yalipita hapo. Lakini sijui kama unakumbuka maswali yake. Dereva akishuka tu, kabla hata ya kusema gari lina ugonjwa gani, baba yako, Ewoi, alimuuliza, "Huko ulikotoka kuna nini?" Akiambiwa kuna daraja, aliuliza daraja la namna gani. Akiambiwa kuna bahari, aliuliza usiku inalia vipi. Yeye mwenyewe hakuwa amefika mbali. Nakuru alipita mara moja tu, kwa giza, akaona taa za treni zikienda zake kwa mbali. Habari ya taa zile aliisimulia mpaka wewe ukawa unaikamilisha.

Moyo wake uliharibika tangu utotoni, kwa homa ambazo hakuna aliyezitibu. Sisi tulidhani ni uchovu. Alianza kupumzika katikati ya kufungua gurudumu, kisha akawa anamwachia msaidizi wake kazi ya kunyanyua, kisha akawa analala ameketi. Daktari wa Eldoret akasema vali moja imechoka kabisa na akatuelekeza India. Kanisa lilichanga, madereva walichanga, ndugu waliuza mbuzi. Wewe ukabaki hapa Lodwar kwa bibi yako. Ulisimama kiwanja cha ndege na mkono kiunoni, umekasirika kwa sababu tulikataa kwenda nawe. Hukupunga mkono. Baba yako alikutazama dirishani mpaka ndege ikageuka.

Tulifika Delhi wakati wa baridi. Mimi baridi nilikuwa nikiisikia kwa majina tu. Ule mji asubuhi ulikuwa na ukungu mzito kama moshi wa majani mabichi, na ndani ya ukungu honi, honi, honi. Baba yako alilazwa, mimi nikapewa chumba katika nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma ya hospitali, pamoja na watu wengine waliokuja na wagonjwa wao. Kwa wiki za kwanza sikutoka. Nilikwenda kutoka chumbani hadi wodini, kutoka wodini hadi chumbani. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa nimejifunga shuka mbili, na saa za kuona wagonjwa zikifika niliingia, nikamtazama. Nilidhani kazi ya mke ni hiyo, kumtazama.

Siku moja akaniambia, "Umeanza kunitazama kama mtu anayelinda maiti."

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Basi toka. Nimekuja mpaka India, na ninachokiona ni dari. Nenda unionee... nenda unitazamie huo mji, uje unieleze."

"Nitapotea."

"Utapotea, utauliza. Wewe una miguu."

Nilikataa. Kesho yake akakataa kula. Alikuwa mtu mpole, lakini akiamua jambo alikuwa kama nati iliyoota kutu. Ndipo nikamwambia Mama Neema.

Mama Neema alikuwa Mtanzania, mtu wa Mwanza, mwanawe wa kiume alikuwa wodi ya watoto. Tulijuana jikoni kwa sababu ya ugali. Alinisikia nikilalamika peke yangu kwa Kiswahili kwamba unga wa huko haushiki. Akasema, "Jamani, kumbe kuna mtu humu ndani!" Tangu hapo tulipika pamoja. Kiswahili changu kilimchekesha, akawa ananisahihisha kama mwalimu, na mimi nilimwacha kwa sababu kusahihishwa ni kuongeleshwa. Nilipomweleza anachotaka mume wangu, hakushangaa. Alisema, "Dada, mgonjwa ameagiza dawa. Twende tukaichukue."

Tulianza na Ngome Nyekundu. Utaiona, huwezi kuikosa. Ukuta wake ni mrefu na mwekundu kama ardhi ya Kalemng'orok mvua ikishapita. Ndani ya lango kuna maduka, kisha bustani, kisha kumbi za marumaru zenye maua yaliyochongwa ndani ya jiwe lenyewe. Katika ukumbi mmoja wanakuonyesha mahali palipokuwa na kiti cha enzi ambacho kilichukuliwa na maadui zamani sana. Nilirudi nikamweleza baba yako, na nilipofika pale kwenye kiti akanikatiza.

"Ngoja. Kiti hakipo?"

"Hakipo."

"Na watu wanapanga foleni?"

"Foleni ndefu."

Akacheka. Akiru, alicheka mpaka sista akaja kutazama mashine. "Kumbe ni watu kama sisi," akasema. "Hata sisi hukaa tukitazama mahali boma lilipokuwa."

Jioni hiyo alikula. Na picha ile unayoijua, ile ambayo nimesimama mbele ya ukuta mwekundu na meno yote nje, ilipigwa siku hiyo. Mama Neema alikuwa na kamera ndogo. Aliniambia, "Cheka, mumeo ndiye atakayeiangalia." Nikacheka. Tuliisafishia kwenye duka karibu na hospitali, nami nikaiegemeza kwenye glasi yake ya maji.

Basi ikawa ndiyo maisha yetu. Asubuhi namwosha uso, nangoja daktari apite, kisha natumwa. Jumatatu tu ndiyo nilibaki, kwa sababu Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Ujue hivyo, usije ukafika ukakuta geti. Na watu watakutazama. Mimi walinitazama hadi nikahisi nimevaa vibaya. Wengine walitaka kupiga picha nami kana kwamba na mimi ni sehemu ya maonyesho, wengine walisema maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mwanzoni nilikuwa nikiinamisha kichwa. Baadaye niliona ukiinamisha kichwa hukioni kilichokupeleka, nami nilikuwa na mtu wa kumpelekea habari. Nikainua.

Kusini mwa mji kuna mnara mrefu wa mawe, Qutub Minar, na chini yake, uani, kuna nguzo ya chuma. Usikae sana kwenye mnara, nenda kwenye nguzo. Wanasema imesimama pale miaka zaidi ya elfu moja, kwenye mvua na jua, na haijaoza kwa kutu. Nilipomwambia baba yako hivyo, alijaribu kuinuka kitandani.

"Uliigusa?"

"Kuna uzio."

"Ni nyeusi au kahawia?"

Sikukumbuka. Alinitazama kama aliyeagiza chumvi akaletewa sukari. Ikabidi nirudi siku nyingine, nisimame mbele ya chuma nusu siku, nikijifunza rangi yake. Ni kahawia iliyokolea, Akiru, na kuna sehemu moja usawa wa tumbo ambayo inang'aa, kwa sababu kabla ya uzio watu walikuwa wakiikumbatia. Nilimweleza hivyo. Akauliza kama mwangaza ule ni wa upande mmoja au umezunguka. Namshukuru Mungu hilo nililitazama.

Kuna makumbusho ya wanasesere kutoka nchi nyingi, kila mmoja kavaa nguo za kwao. Mimi fundi cherehani, nilidhani nitatoka mle nikikokotwa. Nilitazama mishono tu. Nilimtafuta mwanasesere mwenye shanga za kwetu hadi kidevuni, sikumwona. Nilipomwambia Ewoi akasema, "Basi wa kwetu ulikuwa wewe, unatembea katikati yao."

Sasa hili nakuandikia polepole. Katika makumbusho makubwa ya taifa, kwenye vyumba vya vitu vya kale kabisa, kuna msichana wa shaba. Hafiki urefu wa kiganja changu. Watu wanampita wakidhani ataonekana mkubwa. Yuko uchi, mkono mmoja umejaa bangili kuanzia juu begani mpaka chini, na mwingine ameuweka kiunoni. Kidevu kiko juu. Amesimama kama wasichana wa kijijini kwetu Lopur wakingoja zamu ya kuteka maji na hawapendi wanavyongojeshwa. Nilisimama pale mpaka Mama Neema akanivuta.

Niliporudi nikamwigizia baba yako, nikaweka mkono kiunoni katikati ya wodi. Alinitazama, na uso wake ukabadilika.

"Huyo ni Akiru," akasema. "Hivyo ndivyo alivyosimama tulipomwacha uwanjani."

Kisha akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Baada ya muda nikasikia, "Siku moja mpeleke amwone."

Sikukupeleka. Sikuwa na uwezo huo, na baadaye sikuwa na ulimi wa kukueleza. Umejipeleka mwenyewe kwa masomo yako. Ukifika, mtafute. Baba yako hakumwona, alimwona kupitia kwangu, na aliyemwona alikuwa wewe.

Walimfanyia upasuaji. Walitwambia umekwenda vizuri, na kwa siku chache rangi ya uso wake ilirudi. Alianza kupanga habari za gereji. Kisha homa ikaingia. Wakabadilisha dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Wakamfungua mara ya pili. Sitakuandikia mambo ya kidonda.

Katika siku hizo nilikwenda kwenye kaburi la mfalme mmoja wa zamani, lililojengwa na mjane wake. Ni jumba, Akiru, lina kuba kubwa na bustani pande zote, na maji yanayopita katika mifereji ya mawe. Mwongozaji mmoja alikuwa akiwaeleza wageni kwamba mjane yule alisimamia ujenzi kwa miaka mingi. Nilirudi nikiwa sitaki kulisimulia. Lakini Ewoi alikuwa akijua kila mahali ninapokwenda, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua, kutoka kwenye kijitabu cha picha alichoachiwa na mgonjwa aliyetoka. Nikasimulia. Alisikiliza amefumba macho.

"Wewe usinijengee kitu," akasema.

"Ewoi, nyamaza."

"Unirudishe Lopur. Mawe machache yatatosha, na yawe ya pale pale."

Nilitoka nje. Kuna nyumba ya sala ya marumaru nyeupe yenye umbo la ua la yungiyungi, ambako watu wa dini zote huketi kimya. Kesho yake nilikwenda huko bila kutumwa. Unavua viatu, unaingia, na hakuna mahubiri wala wimbo, ni kukaa tu. Nililia pale ndani bila sauti, katikati ya mamia ya watu. Mahali hapo sikumsimulia. Ukiwa na siku mbaya huko Delhi, na zitakuja, nenda ukakae pale. Hakuna atakayekuuliza.

Siku ya mwisho alinituma kwenye makumbusho ya treni. Alikuwa amepaacha makusudi, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani. Asubuhi hiyo niliingia nikamkuta ameshaamka, uso umeoshwa.

"Ejok?" akaniuliza.

"Ejok nooi," nikamjibu, ingawa sikuwa mzima sana, wala yeye.

"Leo nenda kwa treni. Usiharakishe. Uzipande zile zinazopandika."

Nikamwambia anaonekana amechoka, nitakwenda kesho. Akasema, "Leo." Mkono wake ulikuwa na joto. Nikamvutia shuka, nikaenda.

Ni uwanja mpana, na injini za zamani zimesimama kwenye nyasi, nyeusi, kubwa, na mabomba na magurudumu marefu kuliko mimi. Kuna mabehewa ya wafalme yenye viti vya mahameli. Kuna treni ya ajabu inayotembea kwenye reli moja, na gurudumu kubwa kando linaloizuia isianguke. Na kuna treni ndogo ya watoto inayozunguka uwanja. Niliipanda. Mimi na Mama Neema, magoti yamefika kidevuni, watoto wa shule wakituimbia. Nilicheka. Nakuambia kwa sababu ulishaiona picha ya siku hiyo: kile si kicheko cha kuigiza. Nilikuwa na furaha kwa muda wa mzunguko mmoja, nikipanga nitakavyomweleza, nitaanza na filimbi au na magurudumu.

Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu, wanabadilisha shuka. Sista, msichana mmoja Mkristo kutoka kusini mwa India ambaye alikuwa amempenda baba yako kwa vichekesho vyake, alinishika mkono akanipeleka chumba cha wagonjwa mahututi. Nilivishwa kanzu na kofia. Ewoi alikuwa amelala, mashine ikimpumulia. Nikamwita, hakufungua macho. Nikamuuliza sista kama anasikia. Akasema hajui. Akasema, "Zungumza naye."

Nikamsimulia. Nilianza na filimbi. Nikamwambia injini, mabomba, reli moja, mabehewa. Nikamwambia magurudumu yana rangi gani, maana nilishajifunza. Nikamwambia nimepanda. Sista aliniacha nikae kupita muda nilioruhusiwa. Niliposema yote nikaanza tena. Kulipopambazuka mashine ilibadilisha sauti, wakanitoa, na waliponiita tena ilikuwa ni kumuaga.

Sijui kama alisikia. Miaka yote hii sijui.

Kumrudisha kulichukua muda. Mama Neema ndiye aliyenishika mkono katika ofisi zote, na siku naondoka alinipa picha zote, akazitia mwenyewe ndani ya begi langu, akasema nitazihitaji. Mwanawe alipona, nashukuru kwa hilo, nilimuuliza nikiwa uwanja wa ndege. Kutoka Nairobi tulikuja kwa barabara. Kainuk tukasimama kungoja askari wa kusindikiza magari. Dereva mmoja wa lori akaja kuuliza tumebeba nani. Nikamtajia. Aliondoka bila kusema pole. Kisha nikaona malori yanapangwa upya, moja moja, yakirudi nyuma kwenye vumbi, mpaka gari letu likawa katikati, mengine mbele na mengine nyuma. Tulikwenda hivyo hadi Lodwar. Hawakupiga honi hata mara moja.

Mengine uliyaona. Tulimzika Lopur, kwa mawe ya pale pale. Shangazi yako Nakwawi, dada yake, alifungua begi langu akitafuta shati la ndugu yake la kugawa, na picha zikamwagika mbele ya akina mama wote. Aliokota ile ya Ngome, akaokota ile ya treni. Akasema kwa sauti, "Ndugu yangu anakufa, na mkewe anacheka mbele ya majumba."

Wewe ulikuwa umesimama pale na mtungi wa maji. Ulitazama picha, ukanitazama mimi. Nami nilikuwa nimetoka katika nchi ya watu, sijalala, koo limekauka kwa vumbi, na neno moja lilikuwa linatosha: alinituma. Sikulisema. Nilifikiri kuna aibu kujitetea mbele ya kaburi bichi. Nikafikiri nitakueleza baadaye, ukikua kidogo. Lakini mtoto akishajibiwa na watu wengine, hukoma kumuuliza mama yake. Uliniheshimu, ulifua, ulipika, ulileta ripoti nzuri za shule. Ila ulikuwa ukinisalimia kama unavyomsalimia mke wa mchungaji.

Hilo ndilo nililojifunza kwa gharama, na sikupi kama somo, nakueleza tu lilivyotokea. Nilidhani kimya ni stahamala. Kumbe nilikuwa namwachia mwingine nafasi ya kusema.

Mwaka jana shangazi yako alilazwa hospitalini Kakuma, ukiwa unafanya mtihani wa kidato cha nne. Ndiyo, ni mimi niliyekaa naye, wakwe zake walikuwa wamehama na mifugo. Alikuwa amekonda mpaka shanga zinamteleza. Mchana mmoja akaniambia, bila kunitazama, "Niambie kile ulichoona huko."

"Wapi?"

"Huko ulikocheka."

Nikamweleza. Nikamweleza kiti kisichokuwapo, nguzo, msichana wa shaba, treni. Nikamweleza jinsi ndugu yake alivyokuwa akiuliza rangi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alicheka?"

"Kwa kiti alicheka sana."

Akaweka kiganja machoni. Alilia kama mtu anayekohoa. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nikidhani alikufa akitazama ukuta. Mweleze mtoto." Nikamwahidi. Tulimzika kabla ya Krismasi, na bado nilikuwa sijatimiza.

Akiru, kuna jambo moja ambalo hata yeye sikumwambia. Siku ninasaini karatasi za mwisho hospitalini, yule sista alinifuata kwenye ngazi. Alikuwa akilia. Akaniambia daktari alipita alfajiri ile ya treni, kabla sijafika, akamweleza baba yako kwamba damu imechafuka na moyo hautaendelea. Walitaka kuniita. Yeye akawaomba wangoje. Alisema, "Mke wangu ana safari leo. Aende kwanza."

Alijua. Aliosha uso, akaniuliza ejok, akanituma.

Siku nyingine naona kwamba alinipenda, hakutaka nimwone akitafuta pumzi. Siku nyingine, nikiwa kwenye cherehani na mawazo yakaenda huko, namkasirikia mpaka sindano inapotea njia. Alininyang'anya siku ile. Ningekaa. Ningemtazama hata kama ni kama mtu anayelinda maiti. Hakuniuliza, alinichagulia, na sina wa kumlalamikia. Sijaamua hadi leo ni lipi kati ya hayo mawili, na nadhani nitakufa sijaamua.

Kwa hiyo tembea, mwanangu. Usitembee kwa ajili ya baba yako wala kwa ajili yangu. Tembea na wenzako, mcheke, mpige picha, na meno yote yawe nje. Mengine ya huko yatakuwa mazito. Utaumwa, utafeli karatasi, utampenda mtu, ataondoka. Utataka kunificha, kwa sababu niko mbali, kwa sababu nimezeeka, kwa sababu wewe ni mtoto wa Ewoi. Usinifanyie alivyonifanyia yeye. Usinitume kwenye treni. Nipigie simu ukiwa bado unalia, nami nitakaa.

Nawasikia mkija barabarani, mnaimba. Nitaisukuma hii ndani ya mkoba wako wa mkononi, utaikuta ukiwa angani.

Mimi niliyekuzaa, ninayebaki Lodwar nikiwa na hamu nawe kabla hujaondoka,

Mama yako